Kwa Jaji wa Takoma Park Aliyenivua Uenyekiti

Mpendwa Mzee wangu Jaji,

Mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko Waafrika wote waliowahi kushuka ndege wakaja kuishi Maryland, na usibishe, maana safari hii huna pa kukatia rufaa. Kuna watu hapa wameipata kadi ya kijani kwa bahati nasibu. Kuna wengine wameolewa na wenye nyumba za gereji mbili kule Bowie. Hizo ni bahati za kawaida. Mimi, mtoto wa Nyahururu niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu shule ilikuwa imeishiwa na ya kunifundisha, ndiye niliyeshika mkono wa jaji mzima wa Ujerumani, mbunge mstaafu, wakati anakata roho. Na neno lako la mwisho duniani hukumwambia daktari wala kasisi. Uliniambia mimi, tena kwa Kiswahili nilichokufundisha mwenyewe: "Asante, Bwana Mwenyekiti." Nimelisimulia kanisani, nimelisimulia kwa kinyozi Riverdale Park, nimemsimulia hata dereva wa basi ambaye hakuniuliza kitu.

Sasa nakuandikia waziwazi, watu wote wa kikundi chetu wasome, kwa sababu nina hasira na wewe, Mzee, na hasira yenyewe imekosa pa kukaa.

Unakumbuka siku ya kwanza? Binti yako Karin alinifungulia mlango huku amevaa koti, anachelewa treni ya kwenda mjini. Akaniambia mambo yote kwa pumzi moja: baba yangu alikuwa jaji miaka kumi na tisa, halafu akawa mbunge wa jimbo, mama yangu amefariki, nimemleta hapa niwe naye karibu, miguu haina nguvu lakini kichwa kizima, na hapendi kuambiwa la kufanya. Mimi nikamjibu, "Dada, usijali. Nimewahudumia mashehe wa Dubai." Ni kweli. Nilikuwa naosha magari yao, lakini gari la shehe ni sehemu ya shehe.

Nikakukuta umekaa kitini saa mbili asubuhi, umefunga tai, na huna safari yoyote. Nikashika wembe na sabuni.

"Una ushahidi gani kwamba unajua kunyoa?" ukaniuliza.

Nikakuonyesha kidevu changu, laini kama yai.

"Huo ni ushahidi wa mshitakiwa mwenyewe," ukasema. Kisha ukainua kidevu juu, macho ukafumba.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Miaka mitatu, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mimi nanyoa na wewe unasimulia. Maisha yako nayajua kuliko ya babu yangu. Najua baba yako alikuwa mwoka mikate, na kwamba mlilala juu ya tanuri nyumba nzima mkinukia chachu. Najua ulipewa mahakama ndogo ya mji mdogo, kesi zake zikiwa za ua wa jirani uliovuka mpaka, baiskeli iliyoibwa, mbwa aliyemng'ata tarishi. Na ile kesi ya jogoo! Jirani alishitaki kwamba jogoo anawika kupita kiasi. Wewe hukutaka kuambiwa. Ukaamka alfajiri na karani wako, mkaenda mkasimama bandani kwenye baridi ya kwenu, mkamsubiri shahidi. Jogoo akanyamaza kimya kama amepewa ushauri na wakili. Saa nzima. Nilicheka mpaka wembe ukateleza, na hapo shavuni ulibaki na alama siku nne. Ukamwambia Karin umejikwaruza mwenyewe. Jaji ulisema uongo kwa ajili yangu, mara hiyo moja. Nami nikadhani nimeshakuweka mfukoni.

Nilikuuliza kwa nini uliacha ujaji, kazi ambayo ukiingia watu wote wanasimama. Ukanieleza. Serikali ya jimbo lenu ilitaka kufunga mahakama za miji midogo, watu wapande mabasi mawili kwenda kudai haki mji mkubwa. Wewe ukaona ukilalamika ukiwa na joho hutasikika, na sheria haikuruhusu ukae viti viwili. Ukavua joho, ukaingia chama, ukaomba kura. Ulisema jambo moja ambalo nimelirudia mbele za watu kama langu: mahakamani ulikuwa ukisema neno moja na mtu anahama nyumba, bungeni ulisema maneno elfu na mtu anatoka kwenda kunywa kahawa.

Ukapigana miaka na miaka. Mwisho wake ni chama chako mwenyewe kilicholeta mswada wa kuzifunga. Waziri alikuwa rafiki yako, msimamizi wa ndoa yako. Akaja mezani kwako akakuambia, "Leo piga kura nasi, kesho nitakulipa fadhila." Ukapiga kura ya hapana, peke yako upande mzima ule. Uchaguzi uliofuata jina lako halikuwemo kwenye orodha. Ukarudi nyumbani, mkeo akakupikia supu ya viazi, ukala sahani mbili.

Hadithi hiyo umenisimulia labda mara ishirini, na mara zote ishirini nilikusifu. "Mzee, wewe ni mwanamume!" Sasa nimejua kwa nini ilikuwa rahisi kukusifu. Haikunihusu.

Wanaosoma barua hii na hawatujui, niwaeleze. Sisi watu wa Afrika Mashariki huku tuna kikundi tunakiita Faraja. Mtu akifiwa, tunapika na kukaa naye. Mtu akilazwa, tunapeana zamu ya kumtembelea, maana huku unaweza kulazwa wiki mbili usimwone mtu anayekuita kwa jina la mtoto wako. Mwenyekiti wa Faraja alikuwa mimi. Katiba inasema mwenyekiti atakaa vipindi viwili vya miaka miwili miwili, kisha ampishe mwingine. Katiba hiyo niliiandika kwa mkono wangu, kwenye meza ya jikoni kwangu Riverdale Park, na nilikuwa nimekaa mwaka wa sita.

Aliyeamsha dude ni Mama Zawadi, mwanamke wa Tanga anayepika kwenye shule moja huko Takoma. Alisimama katikati ya mkutano na kanga yake begani.

"Baba Njeri, muda wako umekwisha, babu wee. Ungekuwa maziwa tungeshakumwaga."

Nikamjibu kistaarabu kwamba ile miaka ya korona haihesabiki. Hatukukutana ana kwa ana, tulikuwa tunaonana kwenye simu kama picha za pasipoti. Ukiitoa hiyo, bado nina nafasi yangu.

"Haihesabiki kwa kalenda gani? Ya kwenu Nyahururu?"

Papa Alphonse, katibu wetu, Mkongo wa Bukavu, mtu mpole, akakuna kichwa. "Président, batu banachoka na hii mambo. Kila réunion ni hii tu. Tutafute mutu wa inje atukatie maneno."

Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mtu wa nje? Mimi nina jaji. Jaji wa kweli, si hawa wenu wa televisheni."

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu, Mzee. Sikufichi. Kwetu tunajua kwamba mtu unayemwogesha hawezi kukuangusha. Mtu unayemjua mgongo wake ulivyo, unayemfunga kamba za viatu, huyo ni wako. Nilikuvalisha ile suti ya kijivu nikakusukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbi wa chini wa kanisa, nikiwa napiga mluzi.

Ukaanza kuniaibisha kabla hata hujanywa chai. Uliniamuru nitafsiri, kwa sababu kulikuwa na mama wazee waliokuja kutembelea watoto, na Kiingereza chako chenye Kijerumani kilikuwa kinawapita. Neno lako la kwanza: "Mtu huyu ananinyoa kila asubuhi, na ninampenda. Mkiona hilo linaniharibia hukumu, semeni sasa, nirudi nyumbani."

Nikalitafsiri. Mama Zawadi akakutazama juu mpaka chini, akasema, "Mtu anayeshikiwa wembe shingoni halafu akalitangaza hadharani, mimi simwogopi. Aendelee."

Ulitusikiliza saa moja na nusu. Hukumkatiza mtu. Kisha ukauliza swali moja tu: "Ile miaka miwili ya ugonjwa, watu walipofiwa, walimpigia nani?"

Wakajibu karibu wote pamoja, "Yeye!" Mama mmoja akasema mimi ndiye niliyemwachia sufuria ya githeri mlangoni nikasimama ng'ambo ya barabara nikiimba mpaka akatokea dirishani. Papa Alphonse akasema siku mkewe yuko kwenye mashine, mimi nilikaa kwenye gari nje ya hospitali kutwa nzima, ili tu yeye ajue yuko mtu nje. Nami, mpumbavu mimi, nikavimba. Nikasema, "Simu yangu ilikuwa haizimi! Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kila kitu!"

Ukatikisa kichwa taratibu. Nikaona lile jicho lako la kushoto limefumba kidogo, nikajua nimeingia mwenyewe, kwa miguu yangu.

Ukasema, nami natafsiri: "Miaka hiyo miwili huyu bwana alikuwa mwenyekiti kuliko miaka yake mingine yote. Akisema haihesabiki, anajiibia kazi yake bora kabisa."

Watu wakapiga makofi. Mama wazee wakapiga vigelegele. Ukaendelea na sentensi ya pili, nami nikaisikia vizuri, nikaimeza. Nikawaambia, "Jaji amemaliza. Ametubariki. Chai iko tayari."

Ukaweka mkono wako juu ya mkono wangu, ule wenye mishipa ya buluu, ukasema kwa Kiswahili mbele ya wote: "Hapana. Sema yote."

Mzee! Kiswahili chako chote kilikuwa maneno arobaini, na matatu ukayatunza kwa siku hiyo!

Nikasema yote. Nilisimama pale na shati langu jeupe nikajihukumu kwa mdomo wangu. "Anasema... kwa hiyo miaka hiyo inahesabika. Na kama inahesabika, muda wangu ulikwisha zamani." Kabla chai haijapoa Mama Zawadi alikuwa mwenyekiti. Akanishika bega, akaniambia, "Usinune, shoga yako nakuheshimu." Watu wakacheka kwa upendo, na kicheko cha upendo ndicho kinachochoma zaidi.

Ungeweza kuahirisha! Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Majaji wanaahirisha kesi kila siku, Kenya nimeona kesi zimeahirishwa mpaka shahidi akazeeka. Ungesema unahitaji muda wa kusoma katiba. Ungesema umechoka, ni mzee, nikurudishe nyumbani. Mimi wiki nzima ni mtu wa kubadilisha nepi na kukata kucha za watu wasiojua jina langu la pili. Jumamosi mbili kwa mwezi nilikuwa naingia ukumbini na watu wananiita Mwenyekiti, wananivutia kiti. Hiyo tu. Ndiyo uliyoikata.

Jumatatu nilikunyoa bila neno. Redio nimeifungua juu.

"Umekasirika," ukasema.

"Mimi? Mtu wa hadhi yangu hakasiriki."

Ukaniomba nizime redio. Nikaipunguza tu. Ukaniambia kwamba wiki ya kwanza baada ya kuvua joho, uliingia dukani kununua mkate, ukasimama mlangoni na kusubiri. Ulikuwa husubiri kuhudumiwa. Ulikuwa unasubiri watu wasimame. "Inapita," ukasema. "Inachukua kama mwaka. Nilitaka ujue kuna mtu mwingine anayeijua."

Ulikuwa unaninyooshea mkono, na sasa ninauona wazi kama huu ukuta. Siku ile niliona mzee wa Kizungu ananifundisha adabu. Nikafuta povu, nikakunja taulo. Jioni nikapiga simu ofisi inayotupangia kazi, nikaomba mteja mwingine.

Wakanipeleka Bowie. Nyumba kubwa, televisheni pana kama mlango wa ghala, mzee mmoja wa watu anayelala kutwa. Nikawaambia watu nimepandishwa cheo. Bowie bila gari huendi popote, na ndani ya ile nyumba hakuna aliyeniuliza ushahidi wa kitu chochote. Nilimnyoa yule mzee, simulizi hakuna. Nikajikuta namsimulia mimi kesi ya jogoo. Akakoroma.

Ukapiga simu. Mara ya kwanza ukaacha ujumbe, sauti ya kikazi: kijana aliyekuja hajui viatu vya nyumbani vinakaa wapi, nami ndiye niliyevificha. Mara ya pili ukaongea polepole, nikasikia unavyovuta pumzi. Ulisema, "Nimehukumu watu maisha yangu yote na sikuwaona tena. Wewe peke yako nilikuhukumu na Jumatatu yake ukanipa chai. Njoo. Si lazima uninyoe." Ujumbe huo niliusikiliza nikiwa kituo cha basi. Nikausikiliza tena. Nikasema moyoni, apige mara ya tatu. Mtu mzima akikukosea aombe mara tatu. Sijui nani alinifundisha sheria hiyo, nadhani niliitunga hapo hapo kituoni.

Ukapiga mara ya tatu. Alhamisi, saa nne asubuhi. Simu ikawa inatetemeka mezani, jikoni Bowie, jina lako limewaka. Mkono wangu mmoja ulikuwa na kisu cha siagi. Nikaitazama simu mpaka ikachoka.

Watu wangu wa Faraja wanajua yaliyofuata, kwa sababu niliwasimulia mwenyewe siku tulipokwenda kukaa na Karin. Mama Zawadi alikuwa amepika pilau kwa utaratibu ule ule nilioweka mimi. Sufuria kubwa mbele, vikombe kulia. Sebule imejaa, Wajerumani wawili watatu wa ofisi ya Karin wamesimama na sahani hawajui wakae wapi. Mtu akauliza tu, kwa wema, "Baba Njeri, wewe ulimjua sana?" Nikaanza. Kwamba Ijumaa niliomba ruhusa Bowie. Kwamba nilipanda basi, nikapanda treni, nikafika. Kwamba tuliyamaliza. Kwamba Jumamosi asubuhi nilikunyoa, nikakushika mkono, ukaniita Bwana Mwenyekiti. Nilisimulia vizuri, Mzee. Wamama walilia. Mmoja wa wale Wajerumani alivua miwani.

Karin alikuwa karibu na jiko ameshika birika. Alisikia kila neno. Akaja mpaka nilipokaa, nikajua sasa ndiyo sasa, atasema. Akanitazama. Uso wako ule ule, Mzee, jicho la kushoto limefumba kidogo. Akanimiminia kahawa kikombe kikajaa, akaniwekea sukari mbili bila kuniuliza, akaniambia kwa upole, "Alikuwa akikutaja kila siku." Kisha akaenda kwa mgeni mwingine.

Angenitukana ningepona. Tangu siku hiyo sili nikashiba. Nikiisimulia kanisani inatoka tamu zaidi, nikiisimulia kwa kinyozi inatoka tamu zaidi ya hapo, na kila nikimaliza nasikia ule ukimya wa Karin. Mama Zawadi juzi ameniomba niandike kidogo juu yako, isomwe mkutanoni. "Andika wewe, Baba Njeri, si ndiwe uliyekuwepo?" Ndiyo barua hii. Nimekaa nayo siku tatu, na mara zote najaribu kuimaliza pale penye makofi.

Nakukasirikia kwa sababu ulikuwa sahihi ukumbini, ukawa sahihi asubuhi ya Jumatatu, ukawa sahihi kwenye simu, na hukuniachia hata kosa moja la kujificha nyuma yake. Na najikasirikia mimi kwa namna ambayo haina mzaha, na wewe unajua mimi bila mzaha nilivyo, ni kama nyumba bila paa.

Kapumzike, Mzee. Kama huko kuna mtu wa kukunyoa, mdai ushahidi.

Jumamosi ile Karin alinipigia simu, nikadhani ni wewe umemtuma, sikupokea. Ijumaa sikuomba ruhusa yoyote. Sikupanda basi wala treni. Ulipokufa nilikuwa Bowie, mbele ya televisheni ya watu, na mkono wako aliushika yule kijana asiyejua viatu viko wapi. Hukuniambia neno la mwisho. Sikuwepo. Nimesema uongo.

Mwanao wa zamu ya asubuhi,
Baba Njeri